Kuyumba kwa taswira kwenye darubini: kuchagua fremu, kioo kinachoinama, au optiki kamili inayojirekebisha?

Shule, vyuo na watu binafsi wa Nyanda za Juu Kusini waliokwisha kupata darubini nzuri ya kioo, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 200, hufika mahali ambapo lenzi ya kukuza zaidi haiongezi kitu: Mshtarii huonekana mkubwa lakini umefifia kingo, na nyota pacha zilizopaswa kutengana huonekana kama doa moja linalocheza. Hapo ndipo matangazo ya vifaa vya kutuliza taswira huanza kuvutia. Ulinganisho huu unahusu njia nne za kukabiliana na tatizo hilo: kuongoza stendi, kuchagua fremu (picha moja moja za video) zilizo bora, kioo kidogo kinachoinama, na optiki kamili inayojirekebisha, yaani kioo kinachobadilika umbo; na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuamua fedha kidogo zilizopo ziende wapi. Msimamo wangu ni kwamba kwa kipenyo cha milimita 200 adui mkuu ni kuyumba kwa taswira yote kwa pamoja, wala si kuharibika kwa umbo lake, na kwamba njia ya kuondoa kuyumba huko inapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia mwangaza wa kitu unachokitazama kabla ya kuangalia bei ya kifaa.

Kuyumba na kuharibika ni mambo mawili

Mwanga wa nyota hufika juu ya angahewa ukiwa mawimbi yaliyonyooka. Hewa ya joto na hewa ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti kidogo, kwa hiyo mawimbi hayo hufika kwenye darubini yakiwa na mikunjo. Sehemu ya mkunjo ambayo ni mwinamo mtupu, yaani wimbi zima limelala upande mmoja, huisogeza taswira bila kuiharibu. Sehemu iliyobaki, yenye vilima na mabonde madogo ndani ya kipenyo cha darubini, huivunja taswira vipandevipande. Ni sawa na kusoma gazeti ndani ya basi kwenye barabara ya vumbi: gazeti linalotikisika bado lina maandishi mazima, na jicho likiweza kulifuata litayasoma; gazeti lililokunjwakunjwa halisomeki hata basi likisimama.

Ukubwa wa mikunjo hupimwa kwa kipimo alichokieleza David Fried mwaka 1966, yaani upana wa eneo ambalo ndani yake wimbi bado limenyooka vya kutosha. Kipimo cha Fried kikiwa sentimita 10 kwa mwanga wa nanomita 500, taswira ya nyota katika picha ya muda mrefu huwa na upana wa takribani sekunde moja ya tao, yaani sehemu moja kati ya 3,600 za digrii. Kikiwa sentimita 5, upana huwa sekunde mbili. Mwaka 1976 Robert Noll alionyesha jinsi mikunjo hiyo inavyogawanyika. Kwa msukosuko wa hewa wa aina aliyoieleza mwanahisabati Kolmogorov, jumla ya uharibifu kwenye kipenyo chote ni 1.03 mara uwiano wa kipenyo kwa kipimo cha Fried uliopandishwa kwa kipeo cha 5/3, na ukiondoa mwinamo peke yake namba 1.03 hushuka hadi 0.134. Kwa maneno mengine, asilimia 87 ya uharibifu wote ni kuyumba. Namba hii moja ndiyo inayofanya mjadala wa vifaa uwe na maana, kwa sababu kioo kimoja bapa kinachoweza kuinama pande mbili kinashughulikia sehemu kubwa kuliko visukumio mamia, yaani vile vifaa vidogo vinavyosukuma na kuvuta mgongo wa kioo kinachobadilika umbo.

Hata hivyo, asilimia 13 zinazobaki zina uzito tofauti kulingana na kipenyo. Darubini ya milimita 200 chini ya hewa yenye kipimo cha sentimita 10 ina uwiano wa 2. Hapo kuyumba peke yake, kwa kadiri ya sekunde ya tao 0.4 kila upande, kunatosha kushusha kilele, yaani mwangaza wa sehemu angavu kabisa ya taswira ya nyota, hadi robo hivi ya ule ambao darubini kamilifu ingeutoa. Kuyumba kukiondolewa kabisa, kilele hurudi hadi theluthi mbili. Kwa uwiano wa 4, hata baada ya kuondoa kuyumba, kinachorudi ni robo hivi. Kwa uwiano wa 8, ambao ni darubini ya milimita 400 chini ya hewa ya sentimita 5, kuondoa kuyumba peke yake hakurudishi chochote cha kujivunia. Wataalamu wamekwisha kukokotoa kwamba faida ya kurekebisha mwinamo peke yake hufikia upeo pale uwiano unapokaribia 4, kisha hupungua.

Tofauti hii inaonekana kwa macho. Elekeza darubini ya milimita 200 kwenye Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, inapopita karibu na utosi jioni za Juni na Julai, na uitazame kwa ukuzaji wa mara 300 au kwa kamera yenye fremu za milisekunde 5. Utaona kitone cha duara, na kando yake pete nyembamba iliyokatika hapa na pale. Kitone na pete hurukaruka pamoja, mara kushoto, mara juu, mara hutulia kwa sekunde nusu. Ukifanya hivyo hivyo kwa darubini ya milimita 400 usiku uleule, huoni kitone kinachoruka bali kishada cha vitone vingi vinavyochemka, vingine vikizaliwa na vingine vikifa, huku kitovu cha kishada kikitembea kidogo tu. Mtu aliyeona picha hizo mbili hahitaji tena fomula ili kuelewa kwa nini kifaa kimoja hakiwezi kufaa darubini zote mbili.

Kwa nini hata darubini kubwa kabisa zinahangaika na kuyumba

Mtu anaweza kudhani kwamba kuyumba ni tatizo la darubini ndogo. Kwa kipimo cha sekunde za tao ni kweli: kadiri kipenyo kinavyoongezeka, kuyumba hupungua, ingawa polepole sana. Darubini ya mita 8 huyumbishwa na angahewa hiyohiyo takribani nusu ya inavyoyumbishwa ya milimita 200, yaani karibu sekunde ya tao 0.2. Lakini kitone chake cha nyota, kwa mwanga wa nanomita 500, kingepaswa kuwa na upana wa sekunde ya tao 0.013 tu. Taswira basi huhama mara kumi na tano ya upana wake wenyewe. Ili kuyumba kunakobaki kusipoteze zaidi ya asilimia 5 ya kilele, inabidi kushushwe hadi sehemu moja ya kumi ya upana wa kitone, na hapo tunazungumzia sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao.

Hii ndiyo sababu mifumo mikubwa hutenganisha kazi mbili. Wazo la kurekebisha mawimbi lilitolewa na Horace Babcock mwaka 1953, na mfumo wa kwanza wa kinajimu uliofanya kazi hiyo kikamilifu, COME-ON, ulijaribiwa mwaka 1989 kwenye kituo cha Haute-Provence, Ufaransa, ukiwa na kioo chenye visukumio 19 na kioo cha pili cha kuinama. Kutenganisha huko kuna sababu ya kimakanika. Mwinamo wa sekunde ya tao 0.2 kwenye kipenyo cha mita 8 ni tofauti ya karibu maikromita 8 kati ya ukingo mmoja wa wimbi na mwingine, na mara kwa mara huwa mara tatu ya hapo. Vioo vidogo vya kisasa vinavyobadilika umbo husogea maikromita chache tu, kwa hiyo kuyumba kungemaliza mwendo wao wote kabla hawajagusa mikunjo midogo. Kihisio, yaani kifaa kinachopima mikunjo, nacho huumia. Kile cha Shack na Hartmann hugawa kipenyo katika viwanja vidogo na kufuatilia kitone kimoja katika kila kiwanja. Taswira yote ikiruka sana, vitone hutoka nje ya viwanja vyao na kompyuta hurekebisha kitu ambacho hakipo.

Kwenye darubini ya ELT inayojengwa Cerro Armazones, Chile, yenye kioo kikuu cha mita 39, kazi ya mikunjo imepewa kioo cha nne chenye upana wa mita 2.4 na visukumio zaidi ya 5,000, na kazi ya kutuliza taswira imepewa kioo cha tano, bapa, cha mita 2.7 kwa 2.2. Sehemu ya kazi ya kioo hicho cha tano haihusu angahewa hata kidogo: ni upepo unaosukuma muundo wa darubini na mitikisiko ya mashine. Pampu za kupoza kamera na feni zimekuwa chanzo cha kuyumba kwenye vituo vingi vikubwa, na mwenye darubini ndogo asipuuze somo hilo, kwa maana feni ya kupoza kioo na waya wa umeme unaopeperushwa na upepo hufanya jambo lilelile kwa kiwango chake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau wanapoona picha za miale ya leza ikipanda angani. Leza hutengeneza nyota bandia kwenye tabaka la sodiamu, kama kilomita 90 juu, ili kihisio kiwe na kitu cha kupima. Lakini mwale huo hupinda ukienda juu na hupinda kinyume ukirudi kwa njia ileile, hivyo mwinamo hufutika, na nyota bandia haiwezi kueleza taswira imehamia wapi. Mikunjo hupimwa kwa leza, kuyumba bado kunahitaji nyota ya kweli iliyo karibu na kitu kinachotazamwa. Sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha ndiyo inayoamua ni maeneo gani ya anga mfumo wa mamilioni ya dola unaweza kuyatazama, na katika hili mwenye darubini ya milimita 200 na mwenye ile ya mita 8 wanafungwa na sharti moja.

Njia ya kwanza na ya pili: stendi inayoongozwa na uchaguzi wa fremu

Kuongoza stendi kwa kamera ya pembeni ndiyo njia iliyozoeleka. Kamera hupiga nyota moja kila sekunde moja hadi nne, programu kama PHD2 hupima imehama kiasi gani, na mota hurudishwa. Njia hii huondoa mwendo wa polepole, yaani makosa ya gia na kutolingana kwa mhimili na ncha ya anga, na kwa picha ndefu za makundi ya nyota na nebula haina mbadala. Kwa angahewa haifanyi kitu, na ikilazimishwa kufanya huleta madhara: ukipunguza muda wa kamera hadi nusu sekunde, stendi huanza kukimbiza mruko ambao umekwisha kupita, na doa la nyota huwa kubwa kuliko ungeiacha. Nashauri muda wa kamera usiwe chini ya sekunde mbili kwa stendi za kawaida.

Kuchagua fremu ni kinyume chake kabisa. Badala ya kuzuia taswira isiyumbe, unapiga fremu fupi sana kiasi kwamba kila moja inakuta taswira imesimama, kisha programu kama AutoStakkert huzipanga kwa ubora, hutupa mbaya, na huzisogeza nzuri ili zilingane. Kule kusogeza ndiko kuondoa kuyumba, na kunafanyika baadaye, mezani, bila kioo chochote kinachotembea. Fried mwaka 1978 alikokotoa uwezekano wa kupata fremu ambayo mikunjo yake ni midogo: kwa uwiano wa 4, karibu nusu ya fremu zote hufaa, kwa uwiano wa 8, ni moja kati ya takribani 3,800. Darubini ya milimita 200, hata chini ya hewa ya wastani ya sentimita 5, iko kwenye upande wa bahati.

Kwa sayari hesabu ni nzuri mno. Mshtarii huzunguka mhimili wake kwa muda unaopungua kidogo saa 10, kwa hiyo alama za katikati ya uso wake huhama karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika, na video ya darubini hii isizidi dakika mbili hivi. Kamera ya fremu 100 kwa sekunde hutoa fremu 12,000 katika muda huo. Ukibakiza asilimia 10 bado unazo 1,200, ambazo zinatosha kufuta chembechembe za kelele na kuruhusu kunoa picha. Programu zinazohitajika hazilipiwi, na kamera ndogo ya sayari ndiyo gharama pekee. Kwa Mwezi, Zohali, Mirihi na nyota pacha angavu, sioni sababu ya mtu wa Mbeya au Iringa kununua kitu kingine kabla ya hiki.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Fremu ya milisekunde 10 ya nebula hafifu haina mwanga. Ina kelele ya kamera tu, na programu haiwezi kulinganisha fremu isiyoona ndani yake chochote. Kinachoweka mpaka hapa si kipenyo wala hewa, ni mwangaza.

Njia ya tatu: kioo kinachoinama

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kifaa hiki hufungwa kati ya darubini na kamera. Ndani yake kuna kioo kidogo, au bamba la kioo angavu, linaloinamishwa haraka ili kurudisha nyota mahali pake huku picha ndefu ikiendelea kupigwa. Kinauzwa kwa jina la optiki inayojirekebisha, na kwa maana finyu jina hilo si uongo, kwa kuwa kinarekebisha ile sehemu ya asilimia 87. Swali la kuuliza ni moja: kinarekebisha kwa kasi gani, kwa nyota ya mwangaza gani?

Mfumo wowote unaopima, kukokotoa na kurekebisha kwa mzunguko huondoa vizuri mitikisiko yenye kasi ya chini ya takribani sehemu moja ya kumi ya kasi ya kupima. Ukipima mara 10 kwa sekunde, unaondoa kuyumba kwa polepole kuliko mzunguko mmoja kwa sekunde; mitikisiko iliyo juu ya hapo hupita kama ilivyo, na mingine huongezwa, kwa sababu marekebisho hufika yakiwa yamechelewa. Kuyumba kunakotoka angani hubadilika katika muda unaokaribia kipenyo kugawanywa kwa kasi ya upepo. Kwa kipenyo cha mita 0.2 na upepo wa mita 10 kwa sekunde, huo ni muda wa milisekunde 20. Ili kuufuata kwa ukamilifu unahitaji kupima mara mamia kwa sekunde. Kifaa kinachopima mara 10 hadi 20 hakitulizi angahewa ila sehemu yake ndogo ya polepole; kinachotuliza kwa hakika ni stendi, pamoja na upepo unaolisukuma bomba la darubini. Kazi hiyo ina thamani, ila mnunuzi ajue kwamba huenda stendi iliyo imara zaidi, au ukuta wa turubai wa kuzuia upepo, ungemfanyia kazi hiyohiyo kwa sehemu ya bei.

Mwangaza ndio kizuizi cha pili. Nyota ya kuongozea inayopimwa kwa milisekunde 20 hutoa sehemu moja ya hamsini ya mwanga ambao ingetoa kwa sekunde moja, sawa na kufifia kwa daraja 4 na zaidi za mwangaza. Nyota zenye mwangaza wa kutosha kwa kazi hiyo ni chache, na mara nyingi hakuna hata moja ndani ya eneo dogo linaloonekana kando ya kamera kuu. Kwenye Njia Nyeupe ya kusini, kuanzia Msalaba wa Kusini hadi Nge, utazipata kwa urahisi, na hiyo ni bahati yetu. Kwa galaksi zilizo mbali na Njia Nyeupe utatafuta hadi uchoke.

Kifaa hiki basi kinamfaa mtu mwenye mahitaji mahususi: anapiga picha ndefu za vitu hafifu vilivyo kwenye maeneo yenye nyota nyingi, stendi yake ni ya wastani, na eneo lake lina upepo. Kwa kundi la nyota la Omega Centauri, ambalo kutoka Mbeya hufika nyuzi 51 juu ya upeo wa macho na limejaa nyota, nakikubali bila kusita. Kwa sayari hakiongezi chochote ambacho uchaguzi wa fremu haujakwisha kukitoa.

Njia ya nne: optiki kamili

Idadi ya visukumio vinavyohitajika hukaribia mraba wa uwiano wa kipenyo kwa kipimo cha Fried. Darubini ya milimita 200 yenye uwiano wa 4 ingehitaji 16 hivi, na ile ya milimita 400 yenye uwiano wa 8 ingehitaji 64. Vioo vya namna hiyo vipo. Lakini mikunjo midogo hubadilika haraka kuliko kuyumba: kwa kipimo cha sentimita 10 na upepo wa mita 10 kwa sekunde, wimbi hudumu na umbo lake milisekunde 3 tu. Katika muda huo mwanga wa nyota unapaswa kugawanywa viwanja 16 au 64, na kila kiwanja kipate mwanga wa kutosha kupimwa. Kwa kipenyo kidogo kama hiki nyota zinazotosha ni zile angavu sana, ambazo fremu fupi zingeshazinasa vizuri bila msaada. Siishauri kwa yeyote anayetaka picha.

Mahali pa kusimamisha darubini

Kabla ya kununua, pima. Kata karatasi ngumu ifunike mdomo wa darubini, toboa matundu mawili ya sentimita 5 yaliyotengana sentimita 14, elekeza kwenye nyota angavu iliyo juu, na uharibu fokasi kidogo hadi uone vitone viwili. Piga video ya fremu za milisekunde 5. Vitone vikihama pamoja, chanzo kikuu ni stendi, upepo au mtikisiko wa sakafu, ingawa angahewa nayo huchangia mwendo huo wa pamoja. Vikisogeleana na kuachana, hiyo ni angahewa pekee, kwa sababu kutikisika kwa darubini hakuwezi kuvitenganisha. Marc Sarazin na François Roddier waliifanya kanuni hii kuwa kipimo rasmi cha vituo vya unajimu mwaka 1990, na inafanya kazi vilevile kwenye ua wa shule ya sekondari ya kata. Matokeo yake ndiyo yanayoamua kati ya njia ya kwanza, ya tatu, na kutonunua kabisa.

Jiografia yetu ina faida ambayo watazamaji wa kaskazini wanaitamani. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na Iringa karibu nyuzi 8, kwa hiyo sayari yoyote, popote ilipo kwenye njia ya Jua, inapovuka katikati ya anga haiwi zaidi ya nyuzi 33 kutoka utosini. Kwa mwinuko huo angahewa huongeza upana wa taswira kwa asilimia 10 au 11 tu. Mtazamaji wa London, Mshtarii ukiwa kwenye sehemu ya kusini kabisa ya njia yake, huutazama nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa macho, na hewa humharibia taswira mara mbili na zaidi. Kinyume chake, Wingu Kubwa la Magellan halipandi kwetu zaidi ya nyuzi 29, na huko taswira hupanuka karibu mara moja na nusu. Mwenye kulitaka ajiandae.

Lakini mwinuko wa mita 1,700 wa jiji la Mbeya si hakikisho la hewa tulivu. Jiji limekaa bondeni kati ya safu ya milima ya Mbeya na ile ya Uporoto, na katika usiku mkavu wa Juni hewa baridi huteremka na kujikusanya chini, ikichanganyika na joto linalopanda kutoka kwenye mabati na sakafu za zege. Tabaka hilo la chini huyumbisha taswira kwa namna ya polepole inayoonekana hata kwa ukuzaji mdogo. Ua wenye nyasi upande wa Uyole ni bora kuliko paa la zege la Mwanjelwa, na saa mbili za kusubiri darubini ipoe hadi joto la nje zina faida kuliko vifaa vingi. Iringa, iliyokaa juu ya ukingo, hupata upepo zaidi, na majabali yake makubwa, Gangilonga likiwamo, hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Mandhari ni nzuri, lakini usisimamishe darubini juu ya jabali wala upande ambao upepo unalipita kabla ya kukufikia. Uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, una hewa nyembamba na giza la kweli, ila ni wazi kwa upepo, kwa hiyo kwa picha ndefu ndiko mahali ambapo kioo kinachoinama kina nafasi ya kulipa gharama yake. Moshi wa mashamba yanayochomwa kati ya Agosti na Oktoba hupunguza mwanga wa nyota hafifu lakini hauyumbishi taswira. Usiku wenye ukungu wa moshi na hewa iliyotulia unaweza kuwa mzuri sana kwa sayari.

Nani achague nini

Klabu ya shule yenye darubini ya milimita 200 na hamu ya sayari na Mwezi ichukue kamera ya fremu fupi na isiongeze kitu. Mpiga picha wa nebula aboreshe stendi na kinga ya upepo, apime kwa karatasi ya matundu mawili, na afikirie kioo kinachoinama pale tu vitone vinapohama pamoja kwa kasi ambayo stendi haiwezi kuifuata.

Mwenye milimita 400 ana njia ambayo wengi hawaijaribu. Kipimo cha Fried hukua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, kwa kipeo cha 6/5, wakati kuyumba kwa sekunde za tao hakubadiliki na kitone cha nyota hupanuka. Akiweka chujio la infraredi la nanomita 850, hewa ya sentimita 5 hugeuka kuwa ya sentimita 9.4, uwiano wake hushuka kutoka 8 hadi karibu 4.2, na fremu nzuri huongezeka kutoka moja kati ya 3,800 hadi moja kati ya tatu. Atapoteza uwezo wa kupambanua, kwa kuwa darubini yake itafanya kazi kama ya milimita 235 kwenye mwanga wa kijani, lakini huo ni uwezo atakaoupata kweli.

Chuo kinachotaka kufundisha optiki inayojirekebisha yenyewe kisinunue kifaa cha kufunga kwenye darubini. Kijenge benchi la maabara: leza ndogo, kioo chepesi kilichobandikwa kwenye koili za spika, kihisio cha mwanga chenye robo nne, na jiko la umeme la kuchemsha hewa katikati ya njia ya mwale. Wanafunzi wakibadilisha kasi ya kupima kutoka mara 20 hadi mara 500 kwa sekunde na kuchora grafu ya kuyumba kunakobaki, wataona wenyewe ni kasi ipi marekebisho yanaanza kusaidia, na ni ipi yanaongeza tatizo.